Anayeitwa mwisho ndiye aliyestahili kuitwa kwanza

Kuna taaluma moja katika nchi hii ambayo imebandikwa majina mengi kwa sababu wengi wetu hatujaijua. Wako wanaomwita mwenye taaluma hiyo "mtu wa maua", na wako wanaomwita "mtu wa nyasi". Katika bajeti nyingi za ujenzi, malipo yake huandikwa mwishoni kabisa, karibu na rangi na mapazia, kwenye fungu liitwalo mapambo; na fedha zinapopungua, fungu hilo ndilo la kwanza kukatwa. Ninayemzungumzia ni msanifu wa mandhari, yaani mtaalamu ambaye kazi yake ni kuipanga ardhi iliyo nje ya kuta: maji yapite wapi, watu wapite wapi, kivuli kiangukie wapi, na mti gani usimame mahali gani.

Yamkini msomaji atauliza mwalimu wa isimu anatafuta nini katika mambo ya bustani. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni fupi. Jina likipotoka, kazi nayo hupotoka. Ukimwita mtu wa maua, utamwita siku ya maua. Na siku ya maua aghalabu huwa siku ya mwisho. Nyumba imekwisha kujengwa, mafundi wamekwisha kulipwa na kwenda zao, udongo mzuri wa juu umekwisha kusombwa na tingatinga, na mvua ya kwanza imekwisha kuingia sebuleni. Hapo hata bingwa wa mabingwa hana zaidi ya kulitia wanja jicho lililokwisha kupofuka.

Hoja yangu basi ni moja, nami naisema mapema ili tusipotezeane wakati. Kupanga mandhari si kupamba. Ni uamuzi wa kwanza wa ujenzi, unaostahili kufanywa kabla ya msingi kuchimbwa. Na madhara ya kuuchelewesha huwapata zaidi wale ambao hawana bustani yoyote.

Neno na macho

Tuanze na maneno. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa mandhari walilipata kutoka kwa Waholanzi karibu na mwaka wa 1600. Kwa Waholanzi, landschap lilikuwa kwanza neno la ardhi yenyewe, eneo lenye mipaka na wenyeji wake. Kisha wachoraji wao mashuhuri walilihamisha, likawa jina la picha ya mashamba, mito na mawingu. Waingereza walilipokea likiwa na maana hiyo ya picha. Neno letu mandhari nalo tulilitoa katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutazama, mzizi ule ule uliotupa nadhari na nadharia. Lugha hizi mbili zilisafiri njia tofauti, lakini zimekutana mahali pamoja: mandhari ni kitu cha macho, na mtazamaji amesimama kando yake mikono nyuma.

Linganisha neno hilo na mazingira. Hili limetokana na kitenzi zingira, nalo linamweka binadamu katikati. Mandhari twayatazama, lakini mazingira yanatuzunguka, tupende tusipende. Hata bustani, neno tulilolipata kwa Waajemi, kwao lilikuwa mahali pa harufu nzuri. Hapana katika maneno haya lililotaja maji, wala mteremko, wala miguu ya mtoto anayekwenda shule. Sisemi tulitupe neno mandhari. Usanifu wa mandhari ni jina zuri na linafaa kukaa. Nasema tu kwamba anayelitumia na ajue kuwa kazi yenyewe huanza katika mazingira, na uzuri unaoonekana kwa macho ni matunda yake.

Waliolipa jina hilo nguvu ya kitaaluma walilijua jambo hili vyema. Mwaka wa 1858, Frederick Law Olmsted na mwenzake Calvert Vaux walishinda shindano la kuchora ramani ya bustani kubwa ya umma katika jiji la New York, ambayo hadi leo huitwa Central Park. Mahali penyewe palikuwa majabali na vinamasi. Kazi kubwa ya mwanzo haikuwa maua; ilikuwa kuzika mabomba ya kukausha vinamasi, kuhamisha udongo na kuchimba barabara nne zipite chini kuliko usawa wa bustani, ili magari yavuke jiji bila ya kumsumbua anayetembea. Katika miaka ya 1860 wawili hao wakaanza kutumia rasmi cheo cha msanifu wa mandhari. Chama cha wataalamu hao nchini Marekani kiliundwa mwaka wa 1899, Chuo Kikuu cha Harvard kikaanzisha masomo ya shahada mwaka wa 1900, na shirikisho lao la kimataifa likazaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1948.

Haifai, hata hivyo, kuisimulia hadithi ya New York nusu nusu. Ili bustani ile ipatikane, watu waliokuwa wakiishi pale walihamishwa, wakiwamo wakazi wa kijiji cha Seneca, ambao wengi wao walikuwa Wamarekani weusi na baadhi yao walimiliki viwanja vyao wenyewe. Kupanga ardhi daima ni kupanga watu. Taaluma hii ina mamlaka makubwa, na kwa sababu hiyo haistahili kuachwa gizani, ikafanywa kimyakimya na yeyote mwenye tingatinga.

Kwetu haikuanza jana

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Na watazame kaya za Wamijikenda, ambazo mwaka wa 2008 zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kijiji kiliwekwa katika uwazi ulio katikati ya msitu. Msitu wenyewe ukawa ngome. Njia chache za kuingilia zikajulikana na kulindwa. Na miiko ikaamua mti gani haukatwi. Huo ulikuwa mpango wa ardhi uliohifadhiwa na sheria, ingawa sheria yenyewe haikuandikwa kwenye karatasi.

Na watazame Lamu. Vichochoro vyake vyembamba vimepingana na jua, ukuta wa nyumba moja ukimpa kivuli mpita njia aliye mbele ya nyumba nyingine. Mlangoni kuna daka, pahali pa kukaa na kuzungumza ambapo si ndani wala si barabarani. Ndani kuna uwanja mdogo ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa katika vyumba. Huko Gede, mji uliohamwa karne nyingi zilizopita na ulioingizwa katika orodha hiyo ya UNESCO mwaka wa 2024, magofu bado yanaonyesha behewa zilizochimbwa chini kuliko sakafu za nyumba. Waliojenga hapo hawakuuweka uwanja uwe mabaki ya nyumba. Waliupanga pamoja na nyumba, kwa kalamu moja.

Barani nako, kijiji kilichokosa mti wa mkutano kilikosa mahakama. Wazee walikaa chini ya mugumo au mkuyu, kwa sababu kivuli chake ni kipana na watu huweza kukaa duara wakaonana nyuso. Sisi tumeurithi mti huo, lakini katika miji yetu tumejenga ukumbi wa mabati mahali pake, kisha tukalalamika kwamba mkutano una joto.

Misingi yenyewe

Je, mtaalamu huyu hufanya nini hasa? Kwanza huuliza maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, huwa ni lita moja ya maji kamili. Hesabu hiyo ni nyepesi, na mtoto wa darasa la tano anaiweza. Chukua basi ile ploti yetu maarufu ya futi 50 kwa 100, ambayo ni takriban mita za mraba 450. Ikinyesha mvua ya milimita 30, ploti hiyo imepokea zaidi ya lita 13,000. Ikiwa imeezekwa na kusakafiwa kabro yote, karibu maji yote yatatoka mbio kupitia langoni, tuseme lita 12,000. Ikiwa sehemu kubwa ni nyasi, vichaka na udongo uliolegea, sehemu nzuri ya maji hayo itazama ardhini palepale. Sasa hesabu mtaa wenye ploti 100 zilizosakafiwa: ni zaidi ya lita 1,000,000, yaani shehena za malori zaidi ya 100 ya maji yenye tangi za lita 10,000, zinazomwagwa kwa pamoja katika mtaro mmoja ulioziba kwa mifuko ya plastiki. Maji hayana ubaguzi ila wa kimo: humfuata aliye chini.

Msingi wa pili ni mteremko. Ardhi inayopakana na nyumba sharti iinamie nje, angalau sentimita 2 kwa kila mita moja penye sakafu ngumu, na zaidi ya hapo penye udongo mtupu. Ngazi za nje nazo zina kanuni ya kale: vimo viwili vya kidato ukivijumlisha na upana wa kidato kimoja vifikie baina ya sentimita 60 na 65. Kimo cha sentimita 15 na upana wa sentimita 33, kwa mfano, humpandisha mzee bila ya kuhema. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, kila sentimita 1 ya kupanda huhitaji sentimita 12 za urefu. Jukwaa la nusu mita basi lahitaji njia ya mita 6. Ukikumbuka hilo baada ya jengo kumalizika, utakuta mita 6 hizo zimekwisha kuwa maegesho ya gari la mkurugenzi.

Msingi wa tatu ni jua na upepo. Nchi yetu imepitiwa na ikweta, na jua la adhuhuri hutuangukia utosini, ambapo paa hutosha kutukinga. Linalotutesa ni la asubuhi na la alasiri, ambalo huingia kwa ubavu kupitia madirishani. Mti wa kivuli hauwekwi popote panapopendeza. Huwekwa magharibi mwa darasa ama chumba kinachotumika alasiri. Pwani, kaskazi na kusi ni wageni wenye majira yao. Mwenye kujenga ukuta mrefu wa mawe upande wa upepo ameufungia mlango mgeni wa heri, kisha ataulipia umeme wa feni.

Msingi wa nne ni udongo. Sentimita 15 au 20 za juu ndizo zenye uhai. Mjenzi mwenye busara huukwangua udongo huo kabla ya kazi, akaulimbika kando, na akaurudisha mwishoni. Mjenzi asiye na busara huufukia chini ya kifusi, kisha akanunua lori zima la udongo mwekundu uliochimbwa kwenye shamba la mtu mwingine. Palipo na ule udongo mweusi unaonasa viatu wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kama katika sehemu nyingi za mashariki na kusini mwa Nairobi, mti mkubwa haupandwi karibu na ukuta, maana mizizi yake hunyonya maji, udongo ukanywea na msingi ukapasuka.

Msingi wa tano ni miguu. Katika chuo kimoja nilichokizuru kuna nyasi nzuri, na katikati yake njia nyembamba ya vumbi iliyochongwa na nyayo za wanafunzi; kando ya njia hiyo pamesimama kibao: "Usikanyage nyasi." Kama mtu wa lugha, nimekisoma kibao hicho kwa makini. Kitenzi chake ni cha kukanusha, chaamrisha bila kutoa sababu, na wala hakisemi mtu apite wapi. Njia iliyosakafiwa inazunguka kwa pembe mraba; wanafunzi wanakata kona kwa sababu wana haraka na wana akili. Panapohitajika kibao cha kukataza, mara nyingi mchoro ndio uliokosea. Msanifu mzuri hutazama watu wanakopita, kisha akaitandika njia hapo.

Mti mzuri, mahali pabaya

Mimea, ambayo watu wengi hudhani ndiyo kazi nzima, nimeiweka ya sita kwa makusudi. Kuchagua mmea kwa uzuri wa ua lake pekee ni kuoa kwa picha. Gugumaji ambalo limewatesa wavuvi wa Ziwa Victoria kwa zaidi ya miaka 30 lilitoka Amerika ya Kusini, na lilienea duniani likibebwa kama mmea wa pambo, kwa ajili ya ua lake la rangi ya zambarau. Dungusi kakati lililoivamia Laikipia na kuumiza mifugo kwa miiba yake liliingia kama pambo na ua wa kuzunguka boma. Mathenge, uliopandwa Baringo katika miaka ya 1980 kuzuia jangwa, uligeuka ukawa jangwa la aina yake. Hakuna mmea katika hii uliokuwa na nia mbaya. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya kupanda: huu ukishakua, utafanya nini?

Kinyume chake pia ni kweli. Nyasi zinazotandikwa katika viwanja vya gofu na bustani za Australia, Afrika Kusini na California ni nyasi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, na dunia nzima huziita kwa jina la Wakikuyu. Urujuani wa Afrika, unaopamba madirisha ya Ulaya vyunguni, ni mmea wa misitu ya Usambara na maeneo ya jirani, na wataalamu wa Ulaya waliupa jina la kisayansi mwaka wa 1893. Wageni wameitambua thamani ya mimea yetu, ilhali sisi twapanga foleni kununua miche ya ng'ambo.

Mfano bora wa taaluma hii tunao hapa nyumbani, karibu na Mombasa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuchimba mawe ya matumbawe katika miaka ya 1950, kikaacha shimo kubwa jeupe lisiloota kitu, lenye maji ya chumvichumvi na joto la kuchoma nyayo. Mwaka wa 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alipewa kazi ya kulirejeshea uhai. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizodumu zilikuwa tatu tu, na mmoja wao ukawa nguzo ya mradi: mvinje, mti unaoweza kujipatia naitrojeni kwa msaada wa viumbe wadogo walio mizizini. Lakini majani ya mvinje yalirundikana bila kuoza. Haller hakuleta mashine, alileta majongoo. Majongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa mboji, mboji ikawa udongo, na udongo ukapokea miti mingine, ndege, samaki na wanyama. Umma ulifunguliwa milango mwaka wa 1984, na leo mahali hapo huitwa Haller Park. Kila nikisoma habari za kazi hiyo, jambo moja hunishika: aliyekuwa mhusika mkuu ni mdudu ambaye sote tungemponda kwa kiatu.

Taaluma na wenyewe

Kazi ya msanifu wa mandhari ina hatua zake. Huanza kwa kupima na kuchunguza mahali: mteremko, udongo, miti iliyopo, mkondo wa maji, mazoea ya watu. Kisha huchora mpango wa jumla, ukajadiliwa na mwenye mali pamoja na msanifu majengo na mhandisi. Hufuata michoro ya kina, makadirio ya gharama, usimamizi wa ujenzi, na mwisho mwongozo wa utunzaji, maana mche usiotunzwa katika kiangazi chake cha kwanza na cha pili ni kuni. Hili ndilo linalomtofautisha na muuza miche wa kando ya barabara na mtunza bustani, ingawa hawezi kufanya lolote pasi na wao.

Hapa nina neno juu ya mtunza bustani. Katika nyumba zetu bado anaitwa "shambaboi", hata akiwa babu wa wajukuu 10. Neno hilo tuliachiwa na ukoloni, ambao hakuna Mwafrika aliyepata kuwa mtu mzima machoni pake. Mzee huyu anajua mahali maji yanaposimama, mti unaopukutisha majani mwezi gani, na kona ambayo haioti kitu. Msanifu mwenye hekima humsikiliza kabla ya kufungua karatasi zake. Sisi sote tunaweza kuanza kwa kumwita jina lake.

Kuhusu elimu, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja hufunza shahada ya usanifu wa mandhari, na Chama cha Wasanifu Majengo nchini, kilichoundwa mwaka wa 1967, kina tawi la wasanifu hawa. Lakini sheria iliyotungwa mwaka wa 1934 kuwasajili wataalamu wa ujenzi ilibeba jina la fani mbili: wasanifu majengo na wakadiriaji wa ujenzi. Fani ya ardhi iliyo baina ya majengo haikutajwa. Vijana wanafuzu, wanatoka na michoro yao, halafu wanaitwa kuja kupanda nyasi siku mbili kabla ya mgeni wa heshima kukata utepe. Hapo taifa limelipia elimu, kisha likanunua kivuli chake tu.

Si mambo ya matajiri

Najua pingamizi kubwa: kwamba haya ni mambo ya wakazi wa mitaa yenye malango ya umeme, na kwamba mwenye njaa hali maua. Ningelikubali pingamizi hilo kama taaluma hii ingekuwa ya maua. Lakini katika masika ya mwaka wa 2024, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliwaua watu zaidi ya 200 nchini mwetu. Mathare, maji ya mto yaliingia vyumbani usiku. Kisha yakaja matingatinga kubomoa nyumba zilizokuwa kando ya mito, na waliookoka maji wakapoteza mabati yao. Ukingo wa mto unapoachwa bila mpango, kwanza huuzwa, kisha hujengwa, kisha huzolewa na maji, na mwisho hubomolewa. Na katika hatua zote hizo anayelipa ni mtu mmoja, naye ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi. Ukingo uliopangwa mapema, ukapandwa miti, ukawekewa njia ya miguu na viwanja vya watoto vinavyoweza kufurika bila ya kuua mtu, humlinda huyo huyo.

Kadhalika bustani za umma. Mwaka wa 1989 Profesa Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, alidhihakiwa. Jengo halikujengwa. Mwaka wa 1999 alipigwa akiitetea Karura. Leo matajiri wana nyasi zao majumbani. Wanaolala chali chini ya mti wa umma siku ya Jumapili ni wale wanaokaa katika chumba kimoja watu 6. Kwao bustani ya umma ndiyo sebule.

Wala tusidanganyike kwamba wingi wa miti ni mpango. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 69, yaitaka serikali ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 serikali ilitangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko ili tupande. Ni azma njema. Hata hivyo, idadi hujibu swali la "mingapi", nalo si swali la kwanza. Swali la kwanza ni "wapi", la pili "mti gani", la tatu "nani ataumwagilia maji". Mwaka wa 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkongwe kando ya Waiyaki Way uliponea chupuchupu kwa amri ya rais, baada ya wananchi kupiga kelele. Tuliufurahia wokovu huo. Lakini mti uliokwisha kuishi miaka 100 haukustahili kuponywa na amri ya rais. Ulistahili kuonekana kwenye karatasi ya mchoraji siku ya kwanza.

Tufanye nini basi? Serikali za kaunti zisiidhinishe ramani ya jengo la umma isiyoonyesha maji yatakwenda wapi na miti gani itabaki. Bodi za shule zimwalike mtaalamu kabla ya darasa jipya kujengwa, hata kama ni kwa siku moja, na vyuo viwatume wanafunzi wao wa mwaka wa mwisho kuzichora shule hizo kama zoezi la masomo. Wenye ploti za futi 50 kwa 100 waache theluthi moja bila kabro, wakinge maji ya paa kwa tangi, na wapande mti mmoja wa kivuli upande wa magharibi, mbali na msingi. Hayo hayahitaji utajiri. Yanahitaji mtu kutoka nje siku ya mvua, akiwa na mwavuli, akatazama maji yanakwenda wapi.

Wahenga walinena, maji hufuata mkondo. Mkondo huo ama tutauchora sisi mapema, kwa kalamu, ama utajichora wenyewe katikati ya usiku, na hautauliza nyumba ni ya nani.